Swali Moja la Awuor

Kitu cha kwanza alichokiona Awuor Jumapili ile kilikuwa soksi. Mzee Mungai wa Yamumbi, mtu aliyezoea kwenda mbele za Mungu kwa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi hadi ungeweza kuchania nywele hapo, aliingia kanisani na sandali za ngozi na soksi za kijivu. Awuor aliziona kutoka viti vya nyuma, na hata wakati wa sala ya kufunga alifumbua jicho moja azitazame tena. Akajiambia, huu ni ujanja. Mzee anajua mimi husoma watu kwa miguu, sasa ameniletea miguu ya kunichanganya.

Tusimlaumu kwa kufikiri hivyo. Saa nane mchana wangekutana mezani, na mezani Mungai hakuwa mtu wa kuaminiwa hata akipiga chafya.

Meza yenyewe ilikuwa ya Cyril, mwana wa Awuor, katika nyumba yake ya mtaa wa West Indies, Eldoret. Cyril alikuwa amemwoa Mwihaki, binti ya Mungai, na tangu harusi wazazi hao wawili walicheza poka kila Jumapili baada ya chakula. Si ile ya watoto wa shule, ya kuangusha karata na kupiga kelele kwamba umebakisha moja. Hii ilikuwa ya watu wazima: karata tano mkononi, unabadilisha zile usizozitaka, kisha unaweka dau juu ya ulicho nacho, au juu ya kile unachotaka mwenzako aamini kwamba unacho. Mwenzako akiogopa, analaza karata zake na wewe unazoa kilichoko mezani. Akihisi unamtisha na mkono mtupu, analipa dau lako na kusema, "Nimekuona," na hapo lazima ufunue.

Marehemu Opondo, mume wa Awuor, ndiye aliyewafundisha. Yeye aliupata mchezo huo kwa fundi mmoja katika kiwanda cha nguo alikofanya kazi, na kwa kuwa wote walikuwa watu wa kanisa, aliuwekea sheria zake. Dau ni punje za mahindi, hamsini kwa kila mtu. Uongo wa uso na wa mkono unaruhusiwa, uongo wa mdomo ni marufuku. Na kila mchezaji ana swali moja tu kwa siku. Anaweza kumwuliza mwenzake jambo lolote, na aliyeulizwa ama atasema kweli, ama atanyamaza. Opondo alipenda kusema kwamba kunyamaza nako ni jibu ukijua kusikiliza.

Jumapili nyingine walicheza wakitaniana. Leo hakuna aliyetania, kwa sababu leo dau halikuwa mahindi. Leo dau lilikuwa jina la mtoto.

Mtoto alikuwa na wiki tatu, mvulana, na mpaka saa hiyo aliitwa Mtoto. Kesho yake Cyril alitakiwa kupeleka karatasi yake ofisi ya usajili, na asingeweza kuandika Mtoto. Awuor alitaka aitwe Opondo. Mume wake alikuwa amefariki Januari, na kwao Awuor jina la marehemu halilali kaburini. Linarudi kwa mtoto, na mwenye jina anarudi kidogo pamoja nalo. Mtoto huyu alilia mchana na usiku, na Awuor hakuhitaji kuambiwa ni kwa nini. Mtoto hulia hivyo mpaka aitwe jina lake.

Mungai naye alikuwa na haki yake, na kusema kweli ilikuwa haki nzito. Kwa Wakikuyu mvulana wa kwanza huitwa kwa babu wa upande wa baba, wa pili kwa babu wa upande wa mama. Mvulana wa kwanza wa Cyril na Mwihaki alipozaliwa miaka sita iliyopita, Mungai mwenyewe alikuja na mbuzi na kusema mtoto aitwe Opondo. Ni Awuor aliyekataa. Opondo yuko hai, alisema, anakula, anakoroma, mnataka kumzika? Wakampa mtoto jina Bethwel, la babu wa Opondo, aliyefariki zamani. Sasa wa pili alikuwa amekuja, na Mungai alikuwa ameketi miaka sita akingoja zamu yake. "Mlipewa mkakataa," ndivyo alivyosema kila mara. Angelijibu nini mtu mwenye akili?

Mwihaki aliulizwa. Akasema kwake yeye jina lolote ni sawa, na wakati akisema hivyo aliingiza nywele ndani ya kilemba, ijapokuwa hakuna nywele iliyokuwa imetoka. Awuor alijua alama hiyo. Mkaza mwanawe huingiza nywele kila anaposema lisilo kweli, kama vile siku anazosema chai ya mkwewe ni tamu. Alitaka jina la baba yake, lakini asingesema. Aliongeza tu kwamba wapatane upesi, maana huyu ni wa mwisho. Watoto wawili wanatosha, duka limefungwa. Cyril, ambaye hajawahi kumaliza ugomvi wowote maishani mwake, akapendekeza karata: atakayemaliza mahindi ya mwenzake ndiye atakayetoa jina.

Basi wakacheza. Kwa saa mbili mahindi yalivuka meza na kurudi. Mvua ya Eldoret ilianza kama kawaida yake, bila kubisha, ikapiga mabati mpaka ikabidi Cyril, aliyekuwa akigawa karata, apaze sauti. Mwihaki alizunguka nyuma yao akimbembeleza mtoto, na mtoto akalia tu.

Awuor alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja katika wodi ya wazazi, akizalisha. Huko alijifunza kwamba uso wa mtu ni mlango wa mbele, kila mwenye nyumba huufagia. Mwanamke atakuambia hana uchungu mkubwa, anatabasamu hata, na vidole vya miguu vimejikunja. "Mficha uchi hazai," alikuwa akiwaambia, kisha anaangalia miguu yao badala ya kusikiliza maneno. Na Mungai, Awuor alikuwa amemsoma muda mrefu vivyo hivyo. Akiwa na karata nzuri, huzilaza mezani na kuzisahau, anatazama dirishani. Akiwa hana kitu, anapanga punje zake mistari, tano tano, zikiwa zimenyooka. Ni tabia aliyoitoa dukani kwake. Bidhaa zikipungua, mwenye duka huzisogeza mbele na kuzipanga vizuri ili mteja asione rafu tupu.

Leo hapakuwa na mistari. Leo Mungai alikaa na mikono chini ya meza, akiitoa tu kuchukua karata au kusukuma punje, kisha inarudi chini. Awuor aliona kwamba amefumaniwa. Mtu huyu alikuwa amejua siri ya mistari, amekwenda nyumbani na kujifunza kutulia, na juu ya hayo akavaa soksi. Aliingiwa na hofu, na hofu mezani ni ugonjwa. Mara mbili alilaza karata ambazo zingeshinda.

Swali lake Mungai alilitumia mapema. Alimwuliza Awuor kama ana jozi, karata mbili za aina moja. Awuor akanyamaza, na mzee akausikiliza huo ukimya, akatikisa kichwa na kulaza karata zake. Awuor alikuwa na jozi mbili wakati huo. Aliumia sana kupoteza nafasi ile. Lakini swali lake mwenyewe alikuwa bado nalo, na alilitunza kama mtu anayetunza nauli ya kurudi.

Karibu saa kumi wakajikuta walipoanzia, kila mtu na punje hamsini. Cyril akagawa tena. Awuor aliinua karata moja moja: malkia, tisa, nne, malkia, tisa. Jozi mbili. Wakaweka kumi kumi. Akabadilisha ile nne, ikaja mbili, haina faida. Mungai naye akabadilisha moja tu.

Mtu anayebadilisha karata moja ana mambo mawili. Ama ana jozi mbili kama wewe, ama ana nne za rangi moja, tuseme kopa tupu, na anaomba ya tano. Ikija, anakuwa na mkono ambao jozi zako haziugusi. Isipokuja, ana takataka. Mungai aliitazama karata yake mpya muda mfupi. Kisha akatoa mkono mmoja kutoka chini ya meza, na kwa kiganja akasukuma punje zake zote arobaini katikati.

"Zote," akasema.

Mkono ule ulikuwa ukitetemeka.

Awuor aliutazama. Mtu akitetemeka mezani, watu husema anaogopa, kumbe mara nyingi ni furaha inayomtoka, amepata kitu kikubwa na mwili umeshindwa kukificha. Kama ni hivyo, alikuwa amepata ile karata ya tano. Awuor akilipa, atakuwa amemaliza mahindi yake yote, na jina la Opondo litakuwa limekwenda. Akilaza, atabaki na arobaini kwa sitini, ataendelea kupigana. Akili ilimwambia alaze. Lakini mtetemeko ule haukuwa wa furaha wala wa hofu. Haukupanda wala kushuka, na aliwahi kuuona mahali pengine, vitandani. Akainama, akajifanya anaokota punje sakafuni. Soksi za kijivu zilikuwa zimekatwa kwa makasi juu ili zisibane, na juu yake vifundo vya miguu havikuonekana. Mguu ulikuwa umeshuka mnene mpaka ndani ya sandali.

Alipoinuka, alikuwa na aibu kubwa. Miaka thelathini na mmoja wodini, na siku nzima alikuwa ameangalia mgonjwa akadhani anaona mjanja.

"Mzee Mungai," akasema, "natumia swali langu."

"Uliza."

Cyril aliacha kuchezea karata zilizobaki. Mungai akajikaza, macho yake makavu, tayari kwa swali la karata ya tano.

"Miguu yako imevimba tangu lini?"

Mungai alikuwa na ruhusa ya kunyamaza, sheria ilimpa, na Awuor aliona jinsi alivyoufikiria huo ukimya. Lakini mtoto alikuwa akilia nyuma yao, na pengine mtu huchoka kubeba.

"Tangu mwezi wa pili," akasema. "Ni moyo, Mama Cyril. Daktari anasema kuna mlango umelegea huko ndani, damu inarudi nyuma. Anataka niende kliniki ya moyo, ile ya Alhamisi, wapange kunifungua kifua. Mimi nimekataa."

"Baba?" Mwihaki alisimama pale alipokuwa.

Mungai hakugeuka. Alisema hakutaka kumsumbua akiwa na mtoto tumboni, na baadaye hakutaka kumsumbua akiwa na mtoto mkononi. Alisema ana miaka sabini na mmoja, ameona ndugu yake akifunguliwa na asiamke, yeye atakwenda akiwa mzima hivi alivyo. Alisema hayo yote kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sukari. Cyril akaweka karata chini, akasema basi wazee, hii game tuiache, hii si siku yake.

"Hakuna kuacha," Mungai akasema. "Mahindi iko mezani. Ameuliza, nimejibu. Sasa ni yeye."

Mwihaki akaja akasimama upande wa Awuor, mtoto begani, machozi yanamtiririka. Aliita tu, "Mama." Maana yake ilijulikana nyumba nzima: laza karata, msukumie mahindi yote, mpe mzee jina lake aende nalo.

Na Awuor alitaka kufanya hivyo, Mungu ni shahidi. Opondo angesemaje? Opondo alikuwa mtu mpole, angesema jina moja halishindi amani ya nyumba. Akaweka vidole vyote kumi nyuma ya punje zake ili azisukume upande wa pili. Akainua macho amwambie Mungai kwamba amemwachia.

Ndipo akaona mikono. Mungai alikuwa amemaliza kusema siri yake, na mikono haikuwa na sababu tena ya kujificha. Ilikuwa juu ya meza, katikati, kwenye ile arobaini yake, inatetemeka, na vidole vilikuwa vikipanga punje. Tano. Tano nyingine. Vikizinyoosha mstari.

Hana kitu.

Kwanza Awuor alipandwa na hasira, na ilikuwa hasira safi. Mzee huyu hakuwa amedanganya kwa mdomo hata neno moja. Alikuwa amechukua ugonjwa wake wa kweli na kuuweka mezani juu ya karata tupu, ili mwanamke mkunga amwonee huruma akimbie. Alikuwa anamtisha kwa kifo chake mwenyewe. Kisha hasira ikageuka, akaona kilichokuwa nyuma yake, na hicho kilimwogopesha kuliko moyo mbovu. Mzee hakuwa akicheza ili ashinde. Alikuwa akitafuta ruhusa. Akishamwacha Mungai mwingine duniani, hatakuwa na sababu ya kwenda kwa daktari yeyote. Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini huyu alitaka wamsindikize wote, na yeye Awuor awe wa kwanza kushika jeneza.

Vidole vya Awuor vilikuwa bado nyuma ya punje. Akazisukuma, lakini si kwa Mungai. Akazisukuma katikati, zikavuruga ile mistari.

"Nimekuona," akasema.

"Mama!" Mwihaki alishtuka. Cyril alimtazama mama yake kama hamjui.

Mungai akafunua moja moja, polepole: shupaza, shupaza, shupaza, shupaza. Karata nne nyeusi zimelala upande kwa upande. Kama macho ya Awuor yalimdanganya, ni basi. Mungai akafunua ya tano. Ilikuwa uru, nyekundu, saba.

Awuor akalaza malkia wake wawili na tisa zake mbili. Hakufurahi. Alikuwa amechoka kama mtu aliyekesha na mzazi.

"Umeninyima," Mungai akasema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Umesikia vile niko, na bado umeninyima."

"Mtoto ni Opondo," Awuor akasema. "Sikiliza, Baba Mwihaki. Sisi mtoto hupewa jina ambalo mwenye jina ameacha kulitumia. Opondo ameacha. Lako bado unalitumia. Siwezi kulichukua ukiwa umelivaa. Nenda ufunguliwe kifua."

Mwihaki aliketi kwenye mkono wa kiti cha baba yake, akamwekea mtoto mapajani. Awuor aliinama akamwita mtoto jina lake, mara moja, mara mbili. Mtoto akaendelea kulia vilevile. Mtoto wa watu hajui mambo ya wakubwa, alikuwa na njaa.

Mungai alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Akamfuta machozi kwa kidole kile kinachotetemeka.

"Opondo," akasema, na kwa mdomo wake wa Kikuyu jina lilikuwa zito, lakini lilikaa. "Basi, Opondo. Mimi sasa nitabaki kungoja kijana mwingine. Na hakuna mwingine. Duka mlifunga."

Alisema kama mzaha, lakini hakutabasamu. Macho yake yalikuwa kwa binti yake.

"Ngoja, Baba," Mwihaki akasema. "Wakufungue kwanza, upone, halafu ungoje. Nitakuzalia Mungai."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Na mkono wake ukapanda kichwani, ukaingiza nywele ndani ya kilemba. Hapakuwa na nywele iliyokuwa imetoka.

Awuor aliuona mkono ule. Ulikuwa uongo wa mdomo, mchana kweupe, katika nyumba ya mwana wa Opondo, kwenye mchezo wenye sheria za Opondo. Akamtazama Mungai, mtu ambaye kwa nusu karne amewasoma wateja wa mkopo kabla hawajafika mlangoni, aone kama naye ameuona. Mzee alikuwa ameinama juu ya mtoto. Hakuna wa kujua.

Swali lake Awuor alikuwa ameshalitumia. Akavuta kopo, akaanza kurudisha mahindi ndani, na akiwa hajafika hata nusu, Mzee Mungai akauliza ile kliniki ya moyo, siku ya Alhamisi, huwa wanafungua saa ngapi.